Wiki ya Kura Kijijini kwa Hanan

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananiuliza kama niliingia kwenye pango alimozaliwa Yesu. Niliingia. Nilikaa mle dakika nne hivi, maana nyuma yangu kulikuwa na mahujaji wa nchi nyingine waliokuwa wakinisukuma kwa heshima. Lakini mnaonijua vizuri mmegundua kwamba swali hilo nalijibu upesi, halafu naanza kucheka peke yangu, na ndipo mkasema niandike. Haya, naandika. Mambo ya pasipoti na vibali nitayaruka. Yalinichosha nilipoyafanya, sitaki kuyafanya tena kwa kalamu.

Wengi wenu mnamkumbuka Hanan, yule mkunga Mpalestina aliyefanya kazi nasi miaka mitatu kwenye kliniki kule Mangateen, hapa Juba. Mimi nilikuwa muuguzi wake na mkalimani wake. Alikuja akijua Kiarabu cha kwao na Kiingereza, akaondoka akikijua Kiarabu chetu cha Juba vizuri kabisa, pamoja na Kiswahili cha chumba cha kujifungulia tu: "Sukuma, mama! Pumua! Bado kidogo!" Hata sokoni Hai Jalaba, akitaka muuza nyanya apunguze bei, alimwambia, "Bado kidogo, mama, bado kidogo," na mama wa watu akapunguza.

Kanisa letu lilipopanga hija ya Bethlehemu nilimwandikia. Akajibu siku hiyo hiyo: "Keji, ukimaliza kusali njoo kijijini kwangu ukae wiki. Lakini ujue utanikuta nagombea."

Juba hadi Addis Ababa

Tulikuwa watu kumi na wanane, na mkubwa wetu alikuwa Mama Poni. Mchungaji alikuwepo, lakini mkubwa alikuwa Mama Poni. Alibeba Biblia, shuka la ziada, na mtungi wa plastiki wenye karanga za kusaga za kuwatosha watu wote kumi na wanane kwenda na kurudi. Nilimwambia kwamba huko tunakokwenda kuna chakula.

"Chakula ya watu wengine," akasema. "Wewe utakula, tumbo itauliza: hii ni nini?"

Addis ndege yetu ya pili ilichelewa asubuhi yote na mchana wote. Kila saa mtu alikuja kutuambia ni saa moja zaidi. Kufikia saa nane mchana Mama Poni alikuwa ameshafungua mtungi. Alianza na sisi, akaenda kwa familia ya Wahindi waliokaa nyuma yetu, akamaliza na kijana mmoja wa Kisomali mwenye duka la jumla pale Juba, aliyekuwa akienda Amman kutibiwa jicho. Kijana yule alikulia Eastleigh, Nairobi. Aliposikia Kiswahili changu alihamisha mabegi yake akaja kukaa nasi, akatuambia kwamba Juba anauza mchele kwa Kiarabu, anapiga hesabu kwa Kisomali, na anagombana kwa Kiswahili. Tulipoitwa hatimaye, alimbebea Mama Poni mtungi wake mpaka mlangoni.

Amman na darajani

Kutoka Amman unateremka, unateremka tena, mpaka masikio yanaziba, kisha unafika kwenye daraja la Mto Yordani. Mto wenyewe msiuwazie kama Nile yetu. Mama Poni aliutazama kupitia dirishani, akauliza mara mbili kama kweli ndio huo.

Upande wa pili wanakagua mizigo. Mtungi wa karanga ulipopita kwenye mashine, kila kitu kilisimama. Waliutenga, wakatutenga na sisi. Askari mmoja msichana alimuuliza Mama Poni ndani mna nini. Mama Poni akasema kwa Kiarabu cha Juba kwamba ni ful. Kwetu ful ni karanga. Kule ful ni maharagwe. Msichana akafungua, akaona uji mzito wa kahawia, akasema haya si maharagwe. Mama Poni akaona anaitwa mwongo. Akachomoa kijiko kwenye mkoba, akachota, akala, akachota tena akamnyooshea msichana. Msichana hakula, lakini nilimwona akiuma midomo asicheke. Tulikaa pale saa mbili na nusu.

Kwenye foleni ya pembeni alikuwepo mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa jiografia, aliyekuwa akirudi kwao kutoka kumtazama binti yake Amman. Aliniuliza natoka wapi.

"Janub Sudan," nikasema. Sudan Kusini.

"Ah! Nchi mpya. Mliipigia kura wenyewe. Niliwafundisha wanafunzi wangu. Na sasa mnapiga kura kila baada ya miaka mingapi?"

Nikamwambia kwamba tangu tupate nchi hatujawahi kufanya uchaguzi. Tuna tarehe za uchaguzi. Tarehe ikifika inasogezwa, tunapewa nyingine.

Mzee akacheka mpaka akashika fimbo yake kwa mikono miwili. "Nyinyi mna bahati. Sisi hata tarehe hatupewi tena." Akanieleza kwa upole, kama anafundisha darasa la tano. Rais wao alichaguliwa kwa miaka minne, sasa imepita kama ishirini. Bunge lilichaguliwa mwaka mmoja baada yake, chama kingine kikashinda, vyama viwili vikagombana mpaka kwenye bunduki, kimoja kikabaki kinatawala Gaza na kingine huku. Miaka michache iliyopita uchaguzi ulitangazwa, watu wakajiandikisha kwa wingi, kisha ukaahirishwa, na mpaka leo. "Sababu walizotoa ni za kweli," akasema. "Watu wa Yerusalemu kuzuiwa kupiga kura ni kweli, nchi yetu kukaliwa na jeshi la wengine ni kweli. Lakini mtu akiwa na sababu ya kweli na faida yake humo humo, wewe utajuaje anasimamia ipi? Mimi mara ya mwisho kumpigia rais kura meno yangu yote yalikuwa kinywani." Akafungua kinywa akanionyesha.

Kutoka Bethlehemu kwenda kijijini

Bethlehemu tulikaa siku tatu. Tuliimba kwa Kibari na Kiarabu, na Mama Poni alilia pangoni mpaka mlinzi akamletea kiti. Siku ya nne niliwaaga wenzangu nikapanda gari la abiria saba kwenda kaskazini, kijijini kwa Hanan.

Ni safari ambayo kwa ramani isingefika saa mbili. Tulitumia sita. Barabara zao zina mageti ya chuma ya hilo jeshi linalowakalia, na geti lililokuwa wazi asubuhi linaweza kuwa limefungwa mchana bila mtu kukueleza sababu. Kila abiria alikuwa na simu mkononi akisoma kundi la watu wanaopashana habari za mageti. Mmoja akisema "limefunguliwa", dereva anageuza. Mwingine akisema "limefungwa", anageuza tena. Mama mmoja aliyekaa karibu nami alikuwa na sahani ya keki aliyokuwa akiipeleka kwenye harusi ya mpwa wake. Saa tisa alitazama saa, akavuta pumzi, akafunua foili. "Harusi imeshakwisha," akasema. "Kuleni." Tulikula keki ya harusi ya watu tusiowajua, tukawaombea heri.

Hanan alikuwa amesimama barabarani. Amenenepa kidogo, ana mvi mbili tatu, na sauti ni ile ile. Aliniona nikishuka na begi, akapiga kelele kijiji kizima kisikie: "Sukuma, mama!"

Kwa Hanan

Nyumba ni ya Hanan na mama yake mzazi, na ya mpwa wake Lama, mwalimu wa hesabu mwenye miaka thelathini na mitatu. Jioni ya kwanza walinipikia mulukhia na kuku. Ni mrenda, jamani. Mrenda ule ule niliolelewa nao Eldoret, na ule ule tunaokula Juba, ila wao wanaukatakata mwembamba na kuukamulia ndimu. Nilipoanza kula bila kuelekezwa, mama yake Hanan alimtazama binti yake kana kwamba nimefaulu mtihani.

Ndipo wakanieleza uchaguzi wenyewe. Haukuwa wa rais wala bunge. Ulikuwa wa baraza la kijiji, watu tisa wa kushughulikia maji, takataka na barabara ya shule. Kwa miaka mingi kijiji hakikuufanya. Koo kubwa zilikaa, zikagawana viti tisa, zikapeleka orodha moja. Ikiwa orodha ni moja hakuna kupiga kura, wale tisa wanapita moja kwa moja. Mwenyekiti amekuwa ni yule yule, Abu Nidal, ami yake Hanan, mdogo wa marehemu baba yake. Safari hii Hanan alikusanya wanawake watano na wanaume wanne, akapeleka orodha ya pili. Siku ya Jumamosi kijiji kingelazimika kupiga kura.

"Ami amekasirika?" nikauliza.

"Ami hakasiriki," Hanan akasema. "Haji tu kunywa kahawa. Alikuwa akija kila Ijumaa."

Nikataka kujua wataipigaje hiyo kura, nikalitumia neno letu la Kiswahili, maana nilijua limetoka kwao. Kura. Mama yake Hanan akaacha kula. Kwao qur'a ni kutupa bahati, kama watoto wanavyochagua nani aanze kucheza. "Kwenu viongozi wanapatikana hivyo?" akauliza kwa huruma. Lama akasema si vibaya, huenda bahati ingewapa rais tofauti walau mara moja. Wao kura wanaiita sawt, yaani sauti. Nikawaambia neno hilo nalo tunalo, ila tunalitumia kwa kuimba.

Lama hakutaka kusikia habari za Jumamosi. "Khala," alimwambia Hanan, ndivyo wanavyomwita dada wa mama, "nakupenda, lakini siendi. Tangu nizaliwe hakuna aliyeniuliza nani awe rais wangu. Siku wakiniuliza nitafika alfajiri. Takataka wachague bila mimi."

"Na wakikuuliza, utamchagua nani?" nikasema.

Akaniambia kwamba kuna watu wa utafiti hupiga simu. Walimuuliza kati ya huyu na yule na yule unamuunga mkono nani, akajibu hakuna. Wakamwambia jibu hilo lipo, na wengi wanalichagua. "Halafu gazetini wanaandika chama fulani kinapendwa, chama fulani hakipendwi. Jirani yetu hapo anawaunga mkono wale wa Gaza. Muulize kama anataka watawale shule ya binti yake. Atakuambia hapana. Anawaunga mkono kwa sababu aliona hakuna mwingine aliyesimama. Mwingine yuko na chama cha rais kwa sababu mshahara wake unatoka huko. Kuunga mkono si kitu kimoja, Keji. Ndiyo maana watu huweka sanduku."

"Basi Jumamosi kuna sanduku," Hanan akasema kwa sauti ya chini. Lama akainuka kutoa sahani.

Kahawa kwa Abu Nidal

Asubuhi yake Hanan alikuwa na mama wa kujifungua kijiji cha jirani, nikaenda peke yangu kumsalimia ami, kama mgeni anavyopaswa. Abu Nidal ni mzee mrefu, mtanashati, ana masharubu meupe yaliyochanwa. Alikuwa na wanaume kama kumi barazani. Alinikalisha karibu yake, akaniuliza habari za Nile, za mvua, za vita. Kisha akasema, "Binti yangu, na nyinyi huko mnaonaje mambo ya kuongoza watu bila uchaguzi?"

Nilijua ananipima. Nikamkumbuka Hanan, nikaona huu ndio wakati wa kuwa rafiki. Nikasema kwa Kiarabu cha Juba, wazi na kwa sauti: "Kan ma fi intikhabat, batal."

Kwetu maana yake ni hii: kama hakuna uchaguzi, ni vibaya.

Wanaume waliweka vikombe chini. Kisha Abu Nidal akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa. Wanaume wakapiga makofi. Mwenyewe akaniongezea kahawa kwa mkono wake. Nikawaza, tazama watu waungwana, wanavyopokea ukweli.

Siku mbili nilitembea kijijini nikisalimiwa kama bibi harusi. Muuza mikate alikataa pesa yangu. "Ni wewe uliyesema Abu Nidal ni batal?" Nikaona habari imefika mbali, lakini sikutaka kurudi nyuma. "Batal khalis," nikamwambia. Vibaya kabisa. Akaniongezea mikate miwili.

Alhamisi jioni Hanan aliingia, hakunisalimia. Alivua viatu, akaosha mikono kwa muda mrefu kama anajiandaa kuzalisha.

"Keji. Ulikuja kwangu au ulikuja kwa ami?"

"Nilikuja kwako."

"Basi kwa nini nyumba tatu leo zimeniambia hata mgeni wako anamwita Abu Nidal shujaa? Wanasema: huyu ametoka nchi yenye vita, anajua thamani ya wazee kukubaliana, na wewe hapa unataka kutugawa."

Nikamwambia neno kwa neno nilichosema. Hanan alinikazia macho. Uso wake ukaanza kutikisika, kwanza mdomo, halafu mabega, kisha akaketi sakafuni akicheka mpaka machozi yakamtoka. Kwao batal ni shujaa. Na kan, ambayo kwetu ni "kama", kwao ni "alikuwa" au "kulikuwa". Walichosikia wao ni: hakukuwa na uchaguzi, shujaa! Na kwa muuza mikate nilimthibitishia kwamba ni shujaa mtupu.

Hanan alipofuta machozi uso ulikuwa umebadilika tena. "Lakini limeshaenea," akasema.

"Kesho naenda kumwambia."

"Usiende. Utamwaibisha mbele ya wageni wake. Ni ami yangu."

Hicho ndicho kitu ninachokipenda kwa Hanan. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi dhidi ya jina la ami yake, na bado hakutaka mzee achekwe.

Ijumaa baada ya sala

Nilikwenda hata hivyo, ila nilisubiri wageni waondoke baada ya sala. Nilimkuta Abu Nidal akimwagilia miche ya nyanya kwa mkebe. Nikamwambia nimekosea, nikamweleza neno letu na neno lao, polepole, nikirudia.

Aliweka mkebe chini. "Kwa hiyo siku tatu nimekunywa kahawa juu ya tusi."

"Si tusi, ami. Lilikuwa wazo langu tu."

"Na shujaa mnamwitaje?"

Nikamwambia kwamba mimi niliyelelewa Kenya nasema shujaa. Akasema hilo nalo ni lao, akataka Kiswahili cha batal yetu; nikamwambia "mbaya", akajaribu kulitamka mara mbili, likamshinda. Akaketi kwenye ukuta mfupi, akaniashiria nikae.

"Sasa nisikilize na wewe," akasema. "Kura ya mwisho ya kweli hapa kijijini, ndugu yangu alikuwa orodha moja na mimi nyingine. Baba yake Hanan. Mimi nilishinda. Alikaa nyumbani kwake ananingoja nimpelekee mkono, na mimi nilikaa kwangu nikingoja aje anipongeze. Ni nyumba hii na ile, unaziona. Tulingojana miaka. Nilimshika mkono hospitalini, na sijui kama alijua ni mkono wa nani. Baada ya hapo nikasema kijiji hiki hakitapiga tena kura nikiwa hai. Tutakubaliana. Na sasa binti yake."

Nilikuwa nimeenda kumsahihisha mtu mzima lugha.

Mwishowe nikamwambia ya kwetu. Kwamba nilipiga kura mara moja, Kenya, nikiwa na miaka kumi na tisa, ile ya kuamua kama tuwe nchi. Sikuosha kidole siku tano. Kwamba tangu hapo kila tunapokaribia uchaguzi tunaambiwa nchi haiko tayari, watu watapigana, na watu wakapigana bila hata huo uchaguzi. Nina miaka thelathini na minne.

"Na mkipiga, halafu mpigane?" akauliza. Hakuuliza kwa kejeli. Alitaka kujua kweli.

"Sijui, ami."

"Hata mimi sijui," akasema. Akachuma nyanya tatu akanipa nipeleke kwa mama yake Hanan.

Siku ya kura

Jumamosi shule ilikuwa kituo. Nilisimama nje ya uzio, mahali mgeni anaporuhusiwa, na nilifaidi. Asubuhi walikuja wazee wa kiume waliovaa vizuri, wakatoka na kidole chenye wino juu kama wamechomwa sindano. Kabla ya adhuhuri wakaanza wanawake, kwa makundi, na kelele zao niliziona kama za kwetu. Mmoja alitoka akitazama kidole chake, akaniambia hiki ni cha kwanza tangu aolewe, na mwanawe mkubwa ana ndevu.

Hanan alisimama upande mmoja wa geti, Abu Nidal upande mwingine. Kila aliyepita alilazimika kuwasalimia wote wawili, na watu walijitahidi sana wasimsalimie mmoja muda mrefu kuliko mwingine.

Mchana Lama alifika na gari, amemleta bibi yake. Alimshusha, akamshika mkono mpaka mlangoni, akarudi akakaa garini na madirisha wazi. Nikaenda kukaa naye. Tulikula mbegu za alizeti. Alitazama foleni ile kwa muda mrefu, na mara moja alifungua mlango wa gari, mguu mmoja ukawa nje. Nilidhani anashuka. Alikuwa anakung'uta maganda.

"Ninafurahi kwa ajili yake," akasema. "Usidhani sifurahi. Lakini nikienda, kesho watasema: si mnaona, wanapiga kura, wana demokrasia. Sitaki kidole changu kiwe picha ya mtu." Bibi alipotoka, Lama alimbusu kile kidole chenye wino kabla ya kumfunga mkanda.

Matokeo tuliyapata Jumapili asubuhi. Orodha ya Abu Nidal viti vitano, ya Hanan vinne. Hanan alikuwa jikoni akipika chai ya mramia, majani yao yenye harufu nzuri. Alisikiliza simu, akasema "sawa" mara tatu, akaizima, akaendelea kukoroga sukari katika chai ambayo alishaikoroga. Nilitaka kumshika bega. Mama yake alinizuia kwa macho, akitazama mlango.

Na kweli mlango uligongwa kabla chai haijapoa. Abu Nidal, suti, masharubu yamechanwa, hakuwa na mtu mwingine. Alisimama pale kizingitini kama mtu asiyejua kama atakaribishwa.

"Sikungoja uje," akamwambia Hanan.

"Nilikuwa navaa viatu, ami," Hanan akasema. Na ni kweli, mguu mmoja ulikuwa na kiatu.

Aliketi. "Miaka yote hii walikuwa wananipigia makofi. Sikuwahi kujua ni wangapi wanapiga kwa sababu ya kuogopa, na wangapi kwa sababu mwenzao kapiga. Leo nimeambiwa idadi yangu. Si kubwa kama nilivyodhani." Akatabasamu, akaonekana mdogo kwa miaka kumi. "Lakini ni yangu. Hawa walisimama juani kwa ajili yangu."

"Na waliosimama juani kunikataa mimi ni wengi zaidi," Hanan akasema.

"Wanne, binti yangu. Una wanne. Baba yako hakupata wanne." Akanyoosha mkono, na Hanan akaubusu, kisha akamwekea chai iliyokuwa na sukari mara mbili. Abu Nidal aliinywa yote bila kukunja uso.

Kurudi Juba

Njia ya kurudi sina mengi. Mageti yalikuwa wazi yote, dereva mwenyewe akawa na wasiwasi. Darajani niliungana tena na wenzangu, na safari hii hawakutugusa, maana mtungi ulikuwa umeisha. Mama Poni alirudi na chupa ya maji ya Yordani na alikataa kuiweka pamoja na mizigo. Alikaa nayo mapajani mpaka Juba, na alipoteremka joto likatupiga usoni akasema, "Ah. Hii sasa ni hewa."

Wiki ya pili nikiwa kazini Mangateen, Hanan alinitumia ujumbe wa sauti. Baraza jipya lilikaa kikao cha kwanza, wakagombana saa tatu kuhusu tangi la maji, ami akatoka kwa hasira, akarudi baada ya dakika tano kwa sababu alisahau miwani, akaendelea kugombana. Nyuma ya sauti yake nilimsikia mzee mwenyewe akijaribu kutamka lile "mbaya" letu, bado linamshinda. Niliwachezea wenzangu ujumbe huo kliniki, nikawasimulia kisa chote kwa Kiswahili na Kiarabu, tukacheka.

Kwenye benchi alikuwepo mama mmoja anayeishi kwenye kambi ya waliofukuzwa makwao na vita hapo Mangateen, amekuja kupima uzito wa mtoto. Alikuwa amesikiliza tangu mwanzo bila kucheka.

"Sista," akaniita. "Hao walishindwa, sasa iko wapi?"

"Wako nyumbani."

"Nyumbani yao? Ile ile?"

"Ndiyo. Ile ile. Wanakunywa chai na walioshinda."

Alifikiri, akimpangusa mtoto mdomo. Nilikuwa nimewasimulia na mageti, na askari, na keki ya harusi iliyoliwa barabarani. Yote aliyasikia.

"Hiyo nchi mzuri," akasema.

Nikamwomba anipe mtoto, nikamweka kwenye mizani.